Pete za difraksheni ya elektroni zasema nanomita 0.338, eksirei yasema 0.352: niamini ipi?

Mtafiti wa Maji

Wanajukwaa, habari za kazi. Naomba msaada katika jambo linalonizuia kuendelea na sura ya matokeo ya tasnifu yangu ya uzamili.

Utafiti wangu unahusu kusafisha maji kwa mwanga wa jua kwa kutumia unga wa dioksidi ya titani. Unga huo niliupata kwa kuchanganya kloridi ya titani na hidroksidi ya sodiamu, nikauosha, nikaukausha, kisha nikauchoma tanuruni kwa nyuzi 450 za Selsiasi. Kama wengi mjuavyo, dioksidi hii hupatikana kwa kawaida katika maumbo matatu ya fuwele, yaani anatesi, rutili na brukaiti, na uwezo wake wa kuvunja uchafu ulio majini hutegemea sana umbo ulilonalo mkononi. Kipimo cha eksirei kilinipa kilele kikubwa kwenye nyuzi 25.3, ambacho ni cha anatesi na kinalingana na umbali wa nanomita 0.352 kati ya tabaka za atomi. Vilele vyote ni vipana, na nilipokokotoa ukubwa wa fuwele kutokana na upana huo nilipata takriban nanomita 8.

Msimamizi wangu akataka nithibitishe matokeo hayo kwa difraksheni ya elektroni, yaani kupitisha mwale wa elektroni kwenye unga na kupima pete zinazotokea miale inapopindishwa na tabaka za atomi. Nilitikisa unga kidogo ndani ya ethanoli, nikadondosha tone kwenye gridi ya shaba yenye utando wa kaboni, na picha ikapigwa kwa kilovolti 200, urefu wa kamera ukisomeka milimita 800 kwenye skrini. Pete zilizopatikana ziko wazi. Nusu kipenyo cha pete ya kwanza ni milimita 5.94, ya pili ni 8.80, ya tatu ni 11.03, na ipo nyingine hafifu karibu na 14.1. Nikichukua urefu wa wimbi wa elektroni kuwa nanomita 0.00251, nikauzidisha kwa urefu wa kamera na kugawa kwa nusu kipenyo, napata umbali wa nanomita 0.338, 0.228 na 0.182.

Hapo ndipo penye mkanganyiko. Pete ya kwanza ya rutili inatakiwa kuwa kwenye 0.325, ya anatesi kwenye 0.352, na yangu imesimama katikati. Je, miale ya elektroni imeupasha unga moto ukaanza kugeuka kuwa rutili? Au nina mchanganyiko ambao eksirei haikuuona?

---

Fundi wa Hadubini

Ndugu Mtafiti, kabla ya kuigusa kemia ya unga wako, weka kando zile namba za nanomita na urudi kwenye milimita ulizopima. Gawa pete ya pili kwa ya kwanza: 8.80 kwa 5.94 ni 1.48. Gawa ya tatu kwa ya kwanza: 11.03 kwa 5.94 ni 1.86. Uwiano huu hauna habari na urefu wa kamera wala na kilovolti, kwa sababu vyote viwili vinajifuta katika kugawa. Kinachobaki ni fuwele yenyewe.

Sasa chukua jedwali la anatesi. Umbali wake wa kwanza ni 0.352, kisha kuna kundi la pete tatu zinazobanana kati ya 0.243 na 0.233, yenye nguvu kuliko zote kati yao ikiwa 0.238, kisha inafuata 0.189. Uwiano unaotokana na namba hizo ni 1.48 na 1.86. Rutili ingekupa kitu kingine kabisa: 0.325 ikifuatwa na 0.249, yaani uwiano wa 1.31. Hakuna namna ya kuivuta rutili ikafika kwenye 1.48. Hata ile pete hafifu ya 14.1 inakaa mahali pake, maana 14.1 kwa 5.94 ni 2.37, na anatesi ina umbali wa 0.148 unaodai uwiano wa 2.38. Kwa hiyo pete zako ni za anatesi, na eksirei yako iko sawa.

Tatizo lako ni ile 800. Namba inayosomeka kwenye skrini kama urefu wa kamera haikupimwa siku ile ulipopiga picha. Ni namba iliyowekwa na mtengenezaji, au na fundi aliyefunga mashine, kwa hali fulani maalumu ya lenzi. Urefu wa kamera katika hadubini si umbali wa kupimwa kwa rula kutoka kwenye sampuli hadi kwenye kamera, bali ni ukuzaji unaofanywa na mfululizo wa lenzi za sumaku, na lenzi hizo hubadilika kila unapogusa kitufe cha kulenga. Sampuli ikikaa juu au chini kidogo ya kimo chake sahihi, nawe ukairudisha picha kwenye ukali wake kwa kuongeza au kupunguza mkondo wa lenzi ya obijektivu, ile iliyo karibu na sampuli, badala ya kuinua au kushusha kishikio cha sampuli, umekwisha kubadilisha urefu wa kamera bila skrini kukuambia lolote. Vilevile chuma cha lenzi hukumbuka mkondo uliotangulia, kwa hiyo ukifika kwenye hali ileile ukitokea kwenye ukuzaji mkubwa, hupati pete za ukubwa uleule uliopata ulipotokea kwenye ukuzaji mdogo. Kosa la asilimia tatu au nne ni la kawaida kabisa. Lako, nikilikadiria kutokana na pete ya kwanza, ni la asilimia 4.

Nilijiuliza pia kama umekosea urefu wa wimbi, kwa kuwa wapo wanaosahau marekebisho ya uhusianifu, nadharia ya Einstein kuhusu vitu viendavyo kwa kasi kubwa. Kwa kilovolti 200 elektroni hukimbia kwa karibu asilimia 70 ya kasi ya mwanga, na asiyefanya marekebisho hayo hupata nanomita 0.00274 badala ya 0.00251. Lakini kosa hilo lingekuza umbali wako, na wako umepungua. Hapo huna hatia.

Dawa yake ni dhahabu. Mwombe fundi anayehusika anyunyizie dhahabu nyembamba sana juu ya gridi ileile yenye unga wako, kiasi cha kuacha visiwa vidogo tu, kisha mpige picha upya ili pete za dhahabu na za unga ziwe katika picha moja, kwa lenzi zilezile na kimo kilekile. Atomi za dhahabu hujipanga katika mchemraba wenye upande wa nanomita 0.4078, na hilo halina ubishi. Ila usitumie pete yake ya kwanza ya 0.2355, maana itaangukia ndani ya lile kundi la anatesi na hutajua kipi ni kipi. Tumia ya pili, ya 0.2039, ambayo inasimama peke yake mahali ambapo anatesi haina kitu.

Upimapo, usipime upande mmoja. Lenzi za chini mara nyingi huzifanya pete kuwa yai kidogo. Pima kipenyo katika pande kadhaa, uchukue wastani, na usianzie katikati ya doa jeupe la kati kwa kukisia.

---

Mwana Udongo

Nakubaliana na Fundi, nami naongeza neno kuhusu swali la kwamba miale inaweza kubadilisha sampuli, kwa sababu si swali la kudharauliwa hata kama safari hii jibu lake ni hapana.

Anatesi safi hugeuka rutili hewani kwa takriban nyuzi 600, na kiwango hicho hupanda au kushuka kutegemea uchafu uliomo na ukubwa wa chembe. Unga mkavu uliokwisha kuchomwa kwa nyuzi 450, ukiwekwa chini ya mwale uliotandazwa kwa upana kama inavyofanyika katika difraksheni ya eneo teule, hauna sababu ya kufika huko. Zaidi ya hapo, ungegeuka ungeona pete za rutili zikizaliwa pembeni ya zile za anatesi. Usingeona pete za anatesi zikisogea polepole kuelekea kwenye rutili. Fuwele mbili tofauti hutoa pete mbili, hazitoi wastani wao.

Katika fani yangu mambo ni magumu zaidi. Mimi hushughulika na udongo mweupe, wa aina ya kaolini inayochimbwa katika vilima vya Pugu karibu na Dar es Salaam na kwingineko. Ndugu yake kaolini aitwaye haloisaiti, akiwa na maji katikati ya tabaka zake, ana umbali wa nanomita 1.0 kati ya tabaka na tabaka. Mwingize katika ombwe la hadubini na maji yanatoka, tabaka zinakaribiana hadi karibu 0.72, na unachopima si kile ulichokitoa shambani. Huko inabidi sampuli igandishwe kwanza, ama ukubali kwamba unapima kitu kilichokwisha kukauka.

Jambo jingine ambalo udongo hulifundisha ni mlalo. Vipande vya kaolini ni bapa kama karatasi, na tone likikauka kwenye gridi vyote hulala kifudifudi. Matokeo yake ni picha nzuri ya madoa yaliyopangika kwa pembe sita, huku umbali muhimu kuliko wote, ule wa kutoka tabaka hadi tabaka, hauonekani hata kidogo, kwa sababu tabaka zenyewe zimeukingama mwale. Mgeni anaweza kuapa kwamba sampuli si kaolini kwa sababu pete ya 0.715 haipo. Chembe za Ndugu Mtafiti ni za nanomita 8 na nadhani ni za mviringo, hivyo hilo halimhusu sana, lakini atakayetengeneza dioksidi ya titani yenye umbo la fimbo au la bapa asishangae pete fulani zikipungua nguvu au kukatika vipande. Ainamishe kishikio nyuzi 20 au 30 kisha aangalie tena.

---

Mtafiti wa Maji

Wakuu, ninashukuru sana. Dhahabu imenyunyiziwa na picha imepigwa upya kwenye gridi ileile.

Pete ya pili ya dhahabu ina nusu kipenyo cha wastani wa milimita 10.24. Nikizidisha kwa 0.2039 napata 2.088, na nikigawa kwa urefu wa wimbi napata urefu wa kamera wa milimita 832. Tofauti na ile 800 ni asilimia 4 kama Fundi alivyokisia. Pete ya kwanza ya unga, ambayo safari hii imekuwa 5.93, sasa inanipa nanomita 0.352, na ya tatu, iliyo kwenye 11.04, inanipa 0.189. Na ni kweli kwamba pete ni yai: kipenyo cha ile ya kwanza kilikuwa 11.80 upande mmoja na 11.93 upande mwingine.

Hata hivyo limezuka jambo jipya. Baada ya kuongeza muda wa kupiga picha, naona madoa machache, si pete kamili, yaliyotawanyika kwenye nusu kipenyo cha karibu milimita 7.2, katikati ya pete ya kwanza na ya pili. Kwa kalibresheni mpya hiyo ni nanomita 0.290. Kwenye 6.4, ambako rutili ingekaa, hakuna kitu. Nilirudi kwenye data ya eksirei na sikuona kilele chochote cha kuaminika mahali hapo. Je, haya madoa ni ya kelele tu, au ndiyo brukaiti? Na kama ni brukaiti, naweza kukadiria asilimia yake kwa kulinganisha mng'ao wa madoa na wa pete?

---

Bi Kioo

Madoa yaliyokaa kwenye duara moja lenye kitovu kilekile si kelele. Kelele haijui kitovu kilipo. Kuna fuwele chache katika eneo ulilochagua zenye umbali wa 0.290, na uchache wao ndio unaofanya yawe madoa badala ya pete. Pete haina siri nyingine zaidi ya kuwa madoa ya maelfu ya fuwele zilizogeukia kila upande.

Brukaiti ina umbali wa 0.290, na kwa bahati mbaya huo ndio umbali wake pekee wenye nguvu usiofichwa na anatesi. Ile mingine mikubwa, 0.351 na 0.347, imezama ndani ya pete yako ya kwanza, na iliyobaki mingi inaangukia karibu na ya pili au ya tatu. Kwa hiyo huwezi kutafuta pete ya pili ya uthibitisho kama ilivyofanyika kwa anatesi. Katika eksirei umbali huo ungeonekana kwenye nyuzi 30.8, na kwa fuwele chache na vilele vipana kama vyako si ajabu umezama kwenye mandharinyuma.

Ila kuna mshukiwa mwingine ambaye ni lazima aondolewe kwanza. Umetumia kloridi ya titani na hidroksidi ya sodiamu, na ukichanganya vitu hivyo viwili zao la pembeni ni chumvi ya kawaida ya mezani. Chumvi hiyo ina umbali wake wenye nguvu zaidi kwenye 0.282. Kwa konstanti yako ya kamera ya 2.088, yaani urefu wa wimbi mara urefu wa kamera, ingetoa madoa kwenye milimita 7.40, na brukaiti kwenye 7.20. Hebu angalia jinsi mambo yalivyo: tofauti kati ya hizo mbili ni asilimia 3, na kosa la urefu wa kamera ulilokuwa nalo mwanzo lilikuwa asilimia 4. Kwa ile namba ya skrini ungesoma madoa hayo kuwa 0.279 na ungeandika kwa ujasiri kwamba hukuosha unga wako vizuri. Hata sasa, kwa pete zilizo yai kwa asilimia 1, pima kila doa peke yake na ulinganishe na kipenyo cha dhahabu katika mwelekeo uleule wa doa hilo, usitumie wastani wa duara zima. Kisha, kama hadubini yenu ina kipima cha eksirei zinazotolewa na sampuli, angalia kama kuna sodiamu na klorini pale penye madoa. Chumvi pia hujisaliti kwa namna nyingine, maana haistahimili mwale. Ukiiangazia kwa muda madoa yake hufifia, ilhali brukaiti hukaa palepale.

Wengi watakushauri upige picha ya uwanja mweusi, yaani uweke tundu dogo la obijektivu juu ya doa moja ili chembe iliyolitoa ing'ae peke yake gizani. Ni ushauri mzuri kwa madoa yaliyo mbali na pete. Kwako wewe kuna kikwazo: kutoka pete ya 0.352 hadi madoa ya 0.290 ni miliradiani 1.5 tu, na tundu dogo ambalo maabara nyingi wanalo humeza upana wa miliradiani kadhaa. Ukiweka tundu kwenye doa, litabeba na kipande cha pete ya anatesi, na picha itajaa chembe zinazong'aa zisizohusika. Afadhali ubane mwale hadi upana wa nanomita chache, uache miale yake ikienda karibu sambamba, na uupitishe juu ya chembe mojamoja katika eneo lile. Chembe ya brukaiti ukiipata kwenye mwelekeo mzuri itakupa mpangilio wa madoa wenye pembe na urefu ambao anatesi haiwezi kuutoa, na huo ndio ushahidi wa kuwekwa kwenye tasnifu.

Kuhusu asilimia, usijaribu. Elektroni hugongana na atomi kwa nguvu mara maelfu kuliko eksirei, na ndiyo sababu fuwele ya nanomita 8 inaonekana kabisa. Gharama yake ni kwamba elektroni iliyokwisha kupindishwa mara moja hupindishwa tena kabla ya kutoka ndani ya fuwele, hata mng'ao wa doa usiwe tena kipimo cha moja kwa moja cha muundo. Mfano unaojulikana ni silikoni. Kwa sheria ya muundo wake, doa la 200 (tarakimu tatu kama hizi hutaja seti ya tabaka au mwelekeo ndani ya fuwele) halitakiwi kuwepo, lakini ukiitazama silikoni kwa mwelekeo wa 011 doa hilo lipo linang'aa, kwa sababu elektroni imepindishwa na tabaka za seti ya kwanza ya 111 kisha na za seti nyingine ya familia hiyohiyo, na jumla ya safari hizo mbili inafikia mahali palipokatazwa. Kwa chembe ndogo kama zako athari hiyo ni hafifu, lakini kuna sababu ya pili: eneo ulilopiga picha ni la mikromita moja au chini ya hapo, katika unga wa gramu kadhaa. Andika tu kwamba brukaiti ipo kwa kiasi ambacho eksirei haikukiona, kama chembe mojamoja zitathibitisha. Asilimia itafute kwa eksirei yenye muda mrefu wa kupima.

---

Mwanafunzi Mwaka wa Tatu

Shikamooni wakubwa. Samahani kuingilia. Mwalimu wetu alisema kwamba siku hizi muundo mzima wa fuwele, pamoja na mahali pa kila atomi, unaweza kupatikana kwa difraksheni ya elektroni kutoka kwenye chembe moja. Kama elektroni hupindishwa mara nyingi kiasi hicho, inawezekanaje?

---

Fundi wa Hadubini

Marahaba, kijana. Mwalimu wako yuko sahihi, na swali lako linagusa mahali ambapo fani hii imebadilika sana.

Anza na urefu wa wimbi. Eksirei ya shaba ina nanomita 0.154, na elektroni ya kilovolti 200 ina 0.00251, yaani fupi zaidi ya mara 60. Ndiyo maana pete ambayo kwa eksirei iko kwenye nyuzi 25.3, kwa elektroni iko kwenye nyuzi 0.4 tu kutoka kwenye mwale wa kati. Kwa wanaojua tufe la Ewald, yaani tufe la kufikirika linaloonyesha ni madoa yapi ya fuwele yatawaka, nusu kipenyo chake ni kinyume cha urefu wa wimbi, hivyo kwa elektroni hizi ni karibu 398 kwa kipimo cha moja juu ya nanomita, wakati hatua kati ya doa na doa katika anatesi ni takriban 2.6. Tufe kubwa namna hiyo ni kama bapa, na linapopita kwenye msitu wa madoa hukata safu nzima kwa mkupuo mmoja. Faida yake ni kwamba picha moja inakuonyesha sura ya upande mmoja wa fuwele papo hapo. Hasara yake ni kwamba ni upande mmoja tu, na ukiwa umesimama sawasawa kwenye mwelekeo wa ulinganifu, madoa mengi yanawaka kwa wakati mmoja na kuazimana nguvu kama Bi Kioo alivyoeleza.

Njia ya kutoka ilikuwa kuacha kusimama kwenye mwelekeo huo. Mwaka 1994 Vincent na Midgley walionyesha kule Bristol kwamba mwale ukiinamishwa kidogo na kuzungushwa kama pia juu ya sampuli, madoa yanayowaka pamoja hupungua na nguvu zao hukaribia zile zinazotegemewa na muundo. Kisha mwaka 2007 kundi la Ute Kolb mjini Mainz likaanza kukusanya picha kwa kuinamisha fuwele hatua kwa hatua bila kujali imetazama wapi, na kuzijenga kwa programu kuwa msitu mzima wa madoa katika pande tatu. Mwaka 2013 kundi la Tamir Gonen lilitumia njia ya namna hiyo kwa fuwele za protini ya lisozimu zilizogandishwa, kwa dozi ndogo sana ya elektroni, na mwaka 2018 makundi mawili tofauti yalionyesha kwamba hata unga wa dawa kama parasetamoli unaweza kutoa muundo wake kutoka kwenye fuwele ambayo macho hayaioni. Kupindishwa mara nyingi hakukuisha, ila kulipungua vya kutosha ili atomi zipatikane, na programu za sasa zinaweza kukihesabu kile kilichobaki.

Kwa Ndugu Mtafiti njia hiyo ni ngumu, kwa sababu chembe ya nanomita 8 hutoka nje ya mwale kila kishikio kinapoinama, na watu wengi huifanya kwa fuwele za nanomita 100 na kuendelea. Kwake yeye maumbo yote matatu yamekwisha kujulikana. Anachotakiwa ni kuyatofautisha.

---

Mtafiti wa Maji

Nimemwelewa kila mmoja. Kipima cha eksirei za sampuli tunacho, na nimepangiwa nafasi kwenye hadubini. Swali dogo la mwisho: katika tasnifu niandike urefu wa kamera upi, 800 au 832?

---

Fundi wa Hadubini

Andika konstanti ya kamera, 2.088 nanomita mara milimita, pamoja na kilovolti, na useme imepatikana kwa pete ya pili, yaani ya 200, ya dhahabu iliyo kwenye gridi ileile. Ile 800 iweke kama jina la hali ya lenzi, ili atakayekuja kutumia mashine hiyo ajue ulibonyeza wapi. Na hiyo 2.088 usiibebe kwenda nayo kwenye kikao kijacho. Dhahabu bado ipo kwenye gridi, basi ipime tena siku hiyohiyo, kabla hujaanza kutafuta chembe za Bi Kioo.